Siku ya Tisa

Homa ilianza Jumamosi, siku ya maulidi kwa jirani.
Mama anakumbuka kwa sababu mtoto alikataa ubwabwa,
na Kibwana, dokta, ubwabwa haukatai.
Leo ni Jumapili ya pili. Ninahesabu upya: tisa.

Ana miezi kumi na amepita kwa wengi kabla yangu:
dawa ya mseto ya duka la Kizuiani,
ingawa kipimo kilisema hakuna malaria;
dawa ya unga ya kutikisa; sindano sita;
na bibi mmoja wa Mbagala aliyesema ni meno tu.

Mama anaitwa Sikudhani.
Jina hilo lingenifaa mimi.

Macho: meupe.
Midomo: imekauka, lakini Februari hii ya Dar
nani midomo yake ina maji?
Tezi: shingo yote ni mikunjo ya unono.
Viganja: vimevimba, au ndivyo alivyozaliwa.
Upele: picha za kitabuni ni za watoto weupe,
upele umewaka kama taa ya breki.
Kwenye ngozi hii inabidi umsogeze dirishani,
uinamishe kichwa, uuvizie,
kisha ufumbe macho na uupapase.

Kitabu kinataka dalili nne kati ya tano.
Nina moja, na nusu ninayoibishia.
Dokta Mbwambo alipopita asubuhi alisema, "Hapana. Endelea na sindano."
Hakukosea kitabu.
Kitabu ndicho hakijakutana na Kibwana.

Dalili ya mvua ni mawingu, tulifundishwa.
Jana Mbagala ilinyesha jua likiwaka,
watu wakaanua nguo huku wakicheka.

"Jumatano macho yalikuwa mekundu," anasema Sikudhani.
Anatafuta kwenye simu yenye kioo kilichopasuka,
anapitisha harusi, risiti ya luku, harusi tena,
hadi hapo: macho mekundu pande zote mbili,
makavu, bila tongotongo.
Dalili ilikuja, ikakaa siku mbili, ikaondoka
kabla sijaingia zamu.

Ninakunja mkono wa fulana nitafute mshipa
na kovu la chanjo linanitazama.
Alichomwa akiwa na siku mbili duniani;
miezi yote lilikuwa limelala, nukta tu.
Sasa limeamka. Limevimba, lina joto,
limejizungushia duara la rangi ya zambarau.
Kati ya zile tano, hili halimo.

Maabara: mkojo una usaha,
lakini kwenye sahani hakuota mdudu hata mmoja.
Chembe sahani zimepanda kama bei ya nyanya.

"Unaitwaje huo ugonjwa?"
"Kawasaki."
"Kama pikipiki?"
"Kama pikipiki."
Anacheka, mara ya kwanza tangu nimjue,
halafu anauliza bei.

Ngonyani wa eko ametoka Tabata na ndala.
Anapaka jeli, mtoto anapiga kelele za kuvunja vioo,
ukimbeba analia, ukimweka analia,
siku tisa hajapumzika wala hajampumzisha mtu.
Ngonyani anapima, anafuta, anapima.
"Mshipa wa kushoto umetanuka," anasema.
"Si sana." Ananyamaza. "Lakini umetanuka."

Ninampigia Mbwambo. Kimya kirefu, nasikia televisheni yake.
"Usingoje nyingine," anasema. "Anza."

Chupa za kingamwili tumezipata mbili hapa,
ya tatu hospitali nyingine, kwa deni nililotia sahihi
kwa mwandiko nisiojivunia.
Saa nne usiku tone la kwanza linashuka.
Saa kumi alfajiri Kibwana amelala,
nami nimesimama nikimsikiliza asivyolia.

Wiki mbili baadaye, kliniki.
Mshipa bado mpana kidogo; tutautazama tena mwezi wa nne.
Sikudhani anafungua fundo la khanga,
anatoa karatasi ya chooni iliyokunjwa mara nne,
na ndani yake ngozi ya ncha ya kidole,
nyembamba kama ganda la kitunguu.
"Ilibanduka juzi nikimwogesha," anasema.
"Ndiyo hii uliyokuwa unaitafuta?"